Mashine Yasema Imepokea, Je, Imeandika?

Sisi Waislamu wa pwani tunayo ada moja ambayo hata aliye mchanga wa umri ameishuhudia. Maiti akishaswaliwa, kabla jeneza halijainuliwa, mwanawe au nduguye husimama mbele ya jamaa akasema kwamba yeyote mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, deni lake litalipwa na warithi. Watu huinamisha vichwa. Wengi husamehe papo hapo, na wengine huja nyumbani baada ya siku tatu na daftari kwapani. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka litakapolipwa, na kwa hivyo hapana mtoto mwenye haya atakayeligombania deni la babake siku ile.

Mwaka juzi nalihudhuria maziko ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ujanani mwake alikuwa nahodha wa jahazi. Mwanawe alisimama akayasema hayo. Shemeji yangu, mwenye duka la vyakula ambalo marehemu alikuwa akikopa mchele, unga na mafuta, hakunena kitu pale. Alikwenda dukani, akafungua kompyuta, akaliona jina la mzee na mbele yake shilingi 18,450. Siku ya nne akaipeleka habari hiyo kwa adabu kama inavyopasa. Mjane, naye yumo ndani ya eda, akatuma neno kutoka chumbani: mumewe alilipa deni lile lote kabla ya Ramadhani, na ni yeye mwenyewe aliyemhesabia zile noti mkononi. Shemeji akarudi kutazama mara ya pili. Kompyuta ikasema vile vile.

Basi watoto wakauza mashine ya mashua aliyoiacha baba yao, wakalipa, pasi na kelele. Kelele zilikuwa za mtaani. Barazani kukaanza kunong'onwa kwamba yule mama ama amezisahau ama amezila zile pesa, na maneno ya barazani, msomaji wangu, hayana eda. Hutoka nje siku ile ile.

Ikatimia miezi minne na siku kumi. Mjane akaufungua mkebe ambamo marehemu alikuwa akitia vikaratasi vyake vya nyakati za maji na stakabadhi za uvuvi, na ndani yake akakuta risiti. Risiti ile ilikuwa imechapwa na mashine ya duka la shemeji yangu. Ina tarehe, ina saa, ina jina, ina shilingi 18,450, na chini imeandikwa kwamba zimepokewa kwa shukrani. Mashine iliyotoa ushahidi huo ndiyo ile ile iliyokula yamini mara mbili kwamba mtu yule hakulipa.

Shemeji alizirudisha pesa siku hiyo hiyo, akaenda kuomba radhi akiwa analia kama mtoto. Nami nikamwita kijana mmoja fundi wa kompyuta, mtoto wa jirani, atueleze jambo hili limekuwaje. Alikaa na mashine kutoka alasiri hadi isha. Akaniambia, "Ami, hapana aliyeiba. Jioni ile stima ilipotea." Tukakumbuka kwamba kweli wiki ile stima ilikuwa ikija na kupotea. Mzee alitoa pesa, kijana wa kaunta akabonyeza, risiti ikatoka, kioo kikaandika kwamba hesabu imehifadhiwa, na kabla hata mzee hajafika pembeni mwa kichochoro, giza. Stima iliporudi, mashine ilikuwa imeyasahau yote iliyoyasema. Mkopo wa mchele ulikuwamo, maana uliandikwa wiki nyingi nyuma. Malipo hayakuwamo.

Hapo ndipo nilipotaka kujua kwa nini chombo cha thamani kama hicho kiseme "nimehifadhi" ilhali hakikuhifadhi. Jawabu nililolipata si la duka moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila kompyuta ina programu mama iitwayo mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayogawa kazi, inayoamua nani atangulie, nani angoje, na kipi kiandikwe wapi. Mfumo endeshi uliomo katika kompyuta ya dukani, iwe ni Windows au ni Linux, ni mtumishi wa kila kazi: huyu huyu apige barua, acheze filamu, afungue picha za harusi, awape watoto mpira wa kuchezea, kisha aandike madeni. Mtumishi wa namna hii amefunzwa kuwapendeza wote kwa haraka. Na moja katika hila zake za haraka ni hii: ukimwambia "andika," huyatia maneno yako katika kumbukumbu ya muda, ile ifutikayo umeme ukikatika, akakujibu "tayari," kisha baadaye akipata nafasi ndipo ayapeleke kwenye diski. Huo muda wa katikati waweza kuwa sekunde chache, waweza kuwa nusu dakika. Kwa mwenye kuandika barua ya mapenzi si kitu, ataiandika tena na pengine ya pili itapendeza zaidi. Kwa mwenye kupokea deni la mtu, ndani ya hizo sekunde kuna dhima.

Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alikuwa na mtindo wa kutupa Aya ya Deni katika Suratul-Baqara tukiisoma kwa zamu, kwa kuwa ni aya ndefu kuliko zote katika Kurani na pumzi za watoto hazikuweza kuifikisha. Nalipigwa bakora kwa aya hiyo. Lakini nimeifahamu ukubwani. Deni la muda liandikwe, aandike katibu kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye asomeshe yatakayoandikwa, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Angalia, ndugu yangu, urefu wote huo wa maneno kwa jambo la biashara ya sokoni. Sharti ya kwanza kwa katibu si wepesi wa mkono, ni uadilifu. Nami nauliza: tumemweka nani awe katibu madukani mwetu?

Waliotengeneza kompyuta za biashara hapo mwanzo walilijua swali hili. Shirika la ndege la American Airlines na kampuni ya IBM walipounda mpango wa kuweka nafasi za abiria ulioitwa SABRE, uliokamilika mwaka 1964, hawakuchukua mashine ya kila kazi wakaipachika tu. Walitumia kompyuta mbili za IBM 7090 na programu iliyotungwa kwa kazi hiyo: ipokee ombi fupi, iandike, ijibu, ishike jingine. Katika ukoo huo ukazaliwa mfumo endeshi ambao tangu mwaka 1979 huitwa TPF, na hadi hivi leo kuna mashirika ya ndege yanayoutumia. Mfumo huo haujui muziki wala picha. Ni katibu tu. Vivyo hivyo kampuni ya Tandem ilianza kuuza mwaka 1976 mashine zenye mfumo endeshi wake mahsusi, ambazo ndani yake kila kazi ina pacha anayeingoja, moja ikianguka ya pili inashika pale pale, na mabenki yakazikimbilia.

Lakini mashine hizo zilikuwa ghali, na ghali mno kwa mtu wa kawaida. Mtumishi wa kila kazi alikuwa rahisi. Unix ilianzwa mwaka 1969 na watu wa Bell Labs huko Marekani kwa ajili ya kuwarahisishia wao wenyewe kazi ya kutunga programu, na moja katika kazi zake za mwanzo ilikuwa kupanga maandishi ya idara ya hataza. Hapana aliyeitunga akifikiria mwenye duka la mchele. Ikapendwa, ikaenea, na watu wakaanza kuitwika biashara.

Aliyepiga kelele mapema ni Michael Stonebraker, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakiijenga hifadhidata iitwayo INGRES juu ya Unix. Mwaka 1981 alichapisha makala ya kulalamika kwamba mfumo endeshi wa kila kazi hauwafai watunzaji wa hesabu: unaweka akiba yake ya kumbukumbu bila kuwauliza, unachelewesha kuandika, unapanga zamu za kazi kwa maarifa yake, na mwenye hifadhidata analazimika kuyafanya upya mengi ya hayo ili awe na yakini. Malalamiko yale yamepita miaka arubaini na ushei, na sehemu kubwa ingali inasimama. Mwaka 2018 watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo nayo ni mzao wa mikono ya Stonebraker, waligundua jambo la kutisha juu ya Linux. Hifadhidata ilikuwa ikiuamuru mfumo endeshi, "hakikisha haya yamefika kwenye diski." Diski ikikosea, mfumo ungejibu mara moja kwamba kuna hitilafu. Lakini ukiuuliza mara ya pili ungeweza kujibu kwamba mambo ni salama, ingawa yale maandishi yalikuwa yamekwisha kupotea. Mwaka 2019 PostgreSQL ikabadilishwa: ikisikia hitilafu ya namna hiyo husimama kabisa, ikarudi kwenye shajara yake na kuanza hesabu upya, kuliko kuuamini ulimi wa pili. Mimi naliposikia habari hiyo nalimkumbuka shemeji alivyorudi kuitazama kompyuta mara ya pili.

Mwaka huo huo wa 1981 mtu mwingine, Jim Gray, aliyekuwa akifanya kazi na wale Tandem, aliandika makala ya kueleza muamala ni nini. Hapa nataka kutua kidogo, maana mtu huyu, ingawa si wa dini yetu, alisema maneno ambayo kadhi wa Lamu angeyatambua. Alisema chimbuko la muamala wa kompyuta ni mkataba wa kisheria, akatoa mfano wa harusi ya kanisani: wawili hujadiliana siku au miaka, kisha humweka mtu wa kati, naye huuliza huyu, akauliza na huyu, na wote wawili wakikubali ndipo hutangaza kwamba ndoa imefungika. Badilisha kasisi kwa kadhi, ongeza walii na mashahidi wawili, hiyo ni ijabu na kabuli. Bwana harusi akizirai kabla ya kujibu, hapana ndoa. Hapana mke nusu. Na akishajibu mbele ya mashahidi, hata nyumba ikishika moto dakika ile, ndoa ipo.

Huo ndio muamala. Ama umekuwa wote, ama haukuwa kabisa. Na ukishakuwa, hauondolewi na giza wala radi. Mafundi wanaufikia kwa njia ambayo kila karani wa zamani wa bandarini alikuwa akiijua. Kabla ya kuligusa daftari kubwa, kuna shajara, daftari la awali, ambamo kila jambo huandikwa mstari mmoja kwa mfuatano: fulani ametoa kadha, hesabu ya fulani ipungue kadha. Mstari huo ukishakauka kwenye diski, naam, kwenye diski si kwenye kumbukumbu ya muda, ndipo mteja huambiwa "tayari" na risiti hutoka. Umeme ukikatika baada ya hapo, mashine ikiamka huisoma shajara na kuyakamilisha yaliyobaki. Ukikatika kabla, mstari haupo, risiti haipo, na pesa bado zi mkononi mwa mteja. Gray aliyafanyia kazi hayo maisha yake, akatunukiwa tuzo ya Turing ya mwaka 1998, tuzo iliyo kubwa kwa watu wa fani hiyo.

Tarehe 28 Januari 2007 mtu huyo alitoka San Francisco peke yake katika mashua yake ya tanga, akielekea visiwa vya Farallon kuyamwaga majivu ya mama yake, kwa mila zao. Hakurudi. Walimtafuta kwa meli na ndege, wenzake wakapekua picha zilizopigwa kutoka angani, hata ubao mmoja wa mashua haukuonekana. Alikuwa ni kile ambacho wanazuoni wetu hukiita mafkudi, mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa, na ilichukua hadi mwaka 2012 ndipo mahakama ikatoa hukumu kwamba ni maiti. Sisi ambao kila nyumba ina jina la mtu aliyechukuliwa na maji tunaelewa uzito wa hilo. Na wiki chache tu baada ya kupotea kwake, mwezi Machi 2007, M-Pesa ikaanza hapa Kenya, na mama muuza mahamri akaanza kuufanya mkononi mwake ule muamala wa ama wote ama hapana. Ukituma pesa kwako zikapungua na kule zisiongezeke, utapiga kelele mpaka zirudi. Sote tumekuwa mafakihi wa jambo hili bila ya kujua.

Sasa kuna watu wawili ambao nataka kubishana nao.

Wa kwanza ni yule asemaye kwamba kosa lote ni la mfumo endeshi, na kwamba ukitupa huu ukachukua ule, umeokoka. Hao hupenda kisa cha Soko la Hisa la London. Soko hilo mwaka 2007 lilianza kutumia mtambo ulioitwa TradElect, uliokuwa ukiendeshwa juu ya Windows. Tarehe 8 Septemba 2008, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuyatwaa mashirika makubwa ya mikopo ya nyumba, yaani siku ambayo dunia nzima ilitaka kununua na kuuza, biashara ilikwama kwa takriban saa saba. Mwaka 2009 soko hilo likainunua kampuni ya MillenniumIT ya Sri Lanka, na Februari 2011 likahamia kwenye mtambo wa kampuni hiyo, unaoendeshwa juu ya Linux. Wapenzi wa Linux walishangilia kama watu walioshinda kombe. Lakini Linux nayo ni mtumishi wa kila kazi, ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kutiliwa shaka mwaka 2018 kama nilivyoeleza. Wala saa saba zile hazithibitishi kwamba mkosa alikuwa Windows; mtambo una tabaka nyingi, na kuanguka kwake si lazima kutokane na msingi. Tena tangu mwaka 1969 hao IBM wenyewe walikuwa wakiuza CICS, ambayo hukaa juu ya mfumo endeshi wa kazi nyingi kama nyapara, ikapokea miamala, ikaisimamia, ikahakikisha imetimia. Mtumishi wa kila kazi anaweza kuandika madeni, bora awe na nyapara mwadilifu juu yake.

Wa pili ni mzee mwenzangu wa barazani, ambaye baada ya kisa cha nahodha amekuwa akihubiri kwamba turudi kwenye daftari la karatasi. Ninampenda mzee huyu, lakini namkumbusha kwamba babu yangu mzaa mama alipoteza haki yake ya shamba la minazi kwa sababu daftari lililiwa na mchwa. Karatasi nayo hulowa, huchanwa, na karani wa zamani alikuwa na kalamu ya pili nyuma ya sikio. Mimi si adui wa kompyuta. Uadui wangu ni kwa uvivu unaovaa nguo za kompyuta.

Na uvivu huo una wenyewe. Yule kijana fundi alinionyesha kwamba programu ya dukani, ambayo shemeji aliinunua kwa pesa nzuri kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, haikuwa na shajara. Ilikuwa ikitoa risiti pale kidole kinapobonyeza, kisha ikiliacha neno mikononi mwa mfumo endeshi bila ya kuuamuru ulifikishe kwenye diski. Amri hiyo ipo, Windows inayo na Linux inayo. Aliyeitunga programu hakuiita, kwa kuwa kuiita hupunguza kasi, na kasi ndiyo aliyoiuza. Pia alinieleza kwamba kuna diski rahisi ambazo zenyewe husema "nimeandika" mapema, kwa hivyo hata amri ikitolewa, muongo mwingine yumo chini. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ni ukoo wa waongo." Akacheka, lakini hakunikatalia.

Shemeji naye hana udhuru wote. Mashine ile ya madeni ndiyo iliyokuwa ikichezewa mpira na watoto wake baada ya maghribi. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa vijiti vya kunakilia filamu kutoka kila nyumba. Ndiyo iliyokuwa ikijizima yenyewe na kujisasisha katikati ya biashara, wateja wakingoja na vibaba mkononi. Nalimwambia waziwazi, na mkewe, ambaye ni dada yangu, anasikia: je, ungemchukua katibu wa msikiti anayeshika daftari la wakfu ukampa pia kazi ya kupiga ngoma harusini na kuchunga mbuzi, kisha ukashangaa kurasa zikipotea? Ikiwa kompyuta ni ya madeni, iwe ya madeni. Ile ya filamu ni nyingine, na siku hizi iliyotumika haina bei kubwa. Betri ya akiba ya kuishikilia stima ikipotea ni rahisi kuliko mashine ya mashua.

Kwa wenye maduka, wenye kamati za misikiti na wakusanyaji zaka wanaosoma ukurasa huu, nawapa jaribio moja ambalo fundi alinifundisha, wala halitaki elimu. Kabla ya kumlipa anayekuuzia programu ya hesabu, mwambie aingize malipo mfululizo, na katikati, bila ya kumpa habari, ng'oa waya ukutani. Washa tena. Kisha zishike risiti zote zilizochapwa uzilinganishe na mashine moja moja. Kila risiti lazima iwe na mwenzake ndani. Fanya hivyo mara kumi, si mara moja, maana muongo naye husibu siku nyingine. Muuzaji akikataa, au akianza kukuambia kwamba kung'oa waya ni kuharibu mashine, muage kwa wema na umwombee dua. Stima ya mji huu haitaomba ruhusa.

Jambo la mwisho linanikera zaidi ya hayo yote, nalo halihusu mafundi. Siku ile shemeji aliporudi kuitazama mashine mara ya pili, upande mmoja alikuwa na neno la mama wa miaka sabini, mwenye kusali, aliyekuwa hajawahi kudaiwa uongo. Upande wa pili alikuwa na kioo. Akaliamini kioo. Wala si yeye peke yake. Na watoto wa marehemu, mioyoni mwao, walilegea, na sisi wa barazani tukanyamaza. Zamani mwenye daftari alikuwa mtu, na mtu huweza kuulizwa: uliandika lini, nani alikuwapo, ulikuwa na usingizi? Mashine tumeikubalia ushahidi wa peke yake, bila ya mashahidi wawili, bila ya kuuliza uadilifu wake, kwa sababu tu herufi zake zimenyooka. Katika hukumu gani hiyo?

Nilimtungia shemeji ubeti mmoja, akaubandika juu ya kaunta, na wateja wengine huusoma kwa sauti wakingoja sukari yao:

Andika kwanza mapema, kisha sema nimetiya,
Deni si jambo la nyuma, katibu akalegeya,
Mwenye haki akihama, duniani kupoteya,
Wino ndio wa kusema, haki yake kuteteya.

Programu ya zamani imeondolewa. Kijana fundi amemwekea nyingine yenye shajara, kwenye mashine isiyo na mpira wala filamu, na ndani yake, ajabu, kuna Linux, yule yule mtumishi wa kila kazi, ila safari hii ana nyapara. Ijumaa moja baada ya swala tulifunga mlango wa duka, tukang'oa waya mara kumi na moja. Mara kumi risiti na hesabu zilikubaliana. Mara moja hapakutoka risiti wala hapakuandikwa kitu, na hilo ndilo nililokuwa nikilitaka hasa, ingawa shemeji alidhani kwamba limeharibika akaanza kusoma istighfari.

Mjane wa nahodha amemsamehe, na kwenye Idi alimletea sahani ya kaimati. Lakini akimtuma mjukuu wake dukani humpa na kijitabu cha shule cha kurasa thelathini na mbili, na shemeji, mashine ikishasema yake, huchukua kalamu akaandika kwa mkono wake na kutia sahihi, mtoto amesimama anatazama.